Mipaka ya Matangazo ya Vyakula mbele ya Watoto wa Shule: Mfano wa Hewa Bora, Lubumbashi

IKISIRI

Makala haya yanafafanua haja ya kuweka mipaka kwa matangazo ya biashara ya vyakula na vinywaji vyenye sukari, chumvi au mafuta mengi katika mazingira ya shule. Mfano unaotumika ni mtaa wa Hewa Bora, jijini Lubumbashi, mahali ambapo mtoto huishi kwa Kiswahili na sheria huandikwa kwa Kifaransa. Hoja kuu ni kwamba mipaka hiyo haitafanya kazi endapo haitatajwa katika lugha ya mtoto na ya mzazi wake, kwani vitu vinavyotangazwa havimo katika kile ambacho lugha ya nyumbani huita chakula, na neno tangazo lenyewe humfikia mtoto likiwa na heshima ambayo mfanyabiashara hakuistahili.

1.0 UTANGULIZI

Hewa Bora ni jina la mtaa mmojawapo wa jiji la Lubumbashi, makao makuu ya jimbo la Haut-Katanga katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Jina hilo halihitaji mkalimani. Mtu wa Unguja, wa Mombasa au wa Kigoma hulielewa mara tu alisikiapo. Lubumbashi, lililoanzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, liko mbali sana na pwani. Hata hivyo Kiswahili kimekuwa huko lugha ya nyumbani, ya soko na ya machimbo ya shaba kwa vizazi kadhaa. Wataalamu wengi wamekichunguza Kiswahili hicho, wakiwemo Edgar Polomé katika miaka ya 1960 na Johannes Fabian katika miaka ya 1980 na 1990.

Mtoto anayekulia katika mtaa wa aina hii hupita kila siku katika maeneo matatu ya lugha. Nyumbani husema Kiswahili cha mji wake. Darasani hukutana na Kifaransa, ambacho Katiba ya mwaka 2006 inakitambua kuwa lugha rasmi, huku Kiswahili kikiwa mojawapo ya lugha nne za taifa pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba. Kati ya nyumba na darasa iko njia, na njiani kuna maduka, vibanda na kuta zilizopakwa rangi za makampuni. Katika eneo hili la tatu mfanyabiashara huchagua lugha yoyote inayomfaa: Kifaransa kwa fahari, Kiswahili kwa ukaribu, na picha kwa yule asiyejua bado kusoma.

Mfanyabiashara kuzungumza na mtu mzima mwenye fedha na akili ya kupima ni jambo la kawaida. Suala linalojadiliwa hapa ni tofauti: je, ni halali azungumze na mtoto wa miaka saba, akiwa mlangoni mwa shule, kuhusu vitu vinavyoweza kuudhuru mwili wake, bila mzazi kuwapo na wakati mwingine kwa idhini ya shule yenyewe?

2.0 UFAFANUZI WA ISTILAHI

2.1 Chakula na kisichoitwa chakula

Katika Kiswahili cha Lubumbashi kiambishi awali cha ngeli ya vitu katika wingi ni bi- au by-, na kwa sababu hiyo vyakula huitwa byakula. Neno hilo ndilo alilolitumia Pierre Petit kuwa jina la kitabu alichokihariri kuhusu ulaji wa watu wa Lubumbashi, kilichotolewa Brussels mwaka 2004. Kiini cha mlo wa mji huo ni bukari, yaani ugali, unaoliwa pamoja na mboga. Mboga hapa si majani peke yake. Samaki, nyama, maharagwe na sombe, yaani kisamvu, vyote huweza kuitwa mboga maadamu vinaisindikiza bukari.

Mpangilio huu wa maana una historia ndefu katika eneo zima. Mwanaanthropolojia Audrey Richards, katika kitabu chake cha mwaka 1939 kuhusu Wabemba, ambao ni majirani wa Katanga na ambao lugha yao imechangia sana katika maisha ya Lubumbashi, alieleza jinsi watu walivyoweza kutafuna magunzi kadhaa ya mahindi ya kuchoma na bado wakalalamika kwamba hawajala kitu siku nzima. Hawakuwa wakisema uongo. Kwa lugha yao, kula kulikuwa kula ubwali. Vingine vyote vilikuwa vya kupitisha wakati.

Jambo hili lina uzito mkubwa kwa mada inayojadiliwa. Mzazi anayemwuliza mtoto jioni kama amekula, huuliza kuhusu bukari. Biskuti, pipi, vipande vya viazi vya pakiti na kinywaji cha chupa, ambacho watu wengi wa Kongo hukiita sukre kutokana na neno la Kifaransa lenye maana ya kitu kilichotiwa sukari, havimo katika swali hilo wala katika jibu lake. Mtoto aliyekunywa chupa nzima ya sukre atajibu kwa haki kwamba hajala. Kwa hiyo bidhaa hizi hupita nje ya macho ya mama, ambaye kwa kawaida ndiye msimamizi wa chakula cha nyumba. Mahali asipofika mama, hufika tangazo.

Ugumu huongezeka pale mtu anapotafuta jina la jumla la bidhaa hizi. Wapo wanaotumia vyakula taka au chakula takataka. Istilahi hiyo ina kasoro mbili. Kwanza, inakwenda kinyume na adabu ya Waswahili na ya jamii nyingi za jirani, ambamo chakula hakitukanwi, hata kikiwa kidogo au kibaya. Pili, inamfedhehesha mlaji badala ya kukieleza kinacholiwa. Mtoto maskini aliyenunua biskuti kwa noti yake ndogo huambiwa kwamba anakula taka. Istilahi ya kupendekezwa ni ile inayotaja yaliyomo: vyakula na vinywaji vyenye sukari, chumvi au mafuta mengi. Ni ndefu, lakini inapimika. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2019 jedwali la viwango kwa ajili ya Kanda ya Afrika, linaloonyesha bidhaa ipi imevuka kiasi na hivyo haifai kutangazwa kwa watoto. Sheria haiwezi kusimama juu ya tusi; inaweza kusimama juu ya gramu.

2.2 Tangazo

Neno la pili linalohitaji kuangaliwa ni tangazo. Katika matumizi ya kila siku neno hili hubeba mambo mengi: tangazo la kifo, tangazo la ndoa kanisani, tangazo la serikali, tangazo la mwalimu mkuu mbele ya bendera asubuhi. Yote haya yana sifa moja, nayo ni kwamba anayetangaza ana mamlaka, na anayesikiliza anatazamiwa kuamini na kutii. Tangazo la biashara limeazima jina hilohilo bila kuwa na sifa hiyo. Lengo lake si kuarifu bali kuvuta.

Mtu mzima huitambua tofauti hiyo bila kuambiwa. Mtoto haitambui, hasa tangazo linapokuwa limechorwa katika ukuta uleule wenye jina la shule. Ndiyo maana inafaa istilahi kamili, tangazo la biashara, itumike daima katika maandishi ya shule, ili lisichanganywe na tangazo la mwalimu.

Aidha, tangazo la biashara lisifikiriwe kuwa ni bango au sauti ya redio tu. Mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani, yaliyoidhinishwa na Mkutano Mkuu wa Afya Duniani mwezi Mei 2010, yanalihesabu kuwa ni kila aina ya ujumbe wa kibiashara uliokusudiwa kuifanya bidhaa ijulikane, ipendwe au itumiwe zaidi, au wenye matokeo hayo hata kama haukukusudiwa. Kwa ufafanuzi huo, yafuatayo yote ni matangazo ya biashara: kibanda kilichopakwa rangi za kampuni, daftari lenye nembo jaladani, kombe la mashindano ya mpira lenye jina la kinywaji, ratiba ya masomo iliyochapishwa bure na mtengenezaji wa biskuti, na picha ya mnyama anayecheka juu ya pakiti.

3.0 JINSI TANGAZO LINAVYOMWINGIA MTOTO

Wanasaikolojia wamelichunguza kwa muda mrefu swali la umri ambao mtoto huanza kuelewa kwamba tangazo lina nia ya kumshawishi. Taarifa iliyotolewa mwaka 2004 na jopo la Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani ilihitimisha kwamba watoto wa chini ya miaka minane hivi hawajawa na uwezo huo. Huyachukua yanayosemwa kuwa ni ukweli. Katika shule ya msingi ya Kongo, ambamo mtoto huanza darasa la kwanza akiwa na miaka sita, maana yake ni kwamba madarasa ya mwanzo yamejaa watoto wasio na kinga yoyote.

Jaribio moja mashuhuri lilitolewa mwaka 2007 na watafiti wa California wakiongozwa na Thomas Robinson. Watoto 63 wenye umri kati ya miaka mitatu na mitano walipewa vyakula vilivyo sawa kabisa, kimoja kikiwa katika karatasi isiyo na alama na kingine katika karatasi ya kampuni ya McDonald's. Kwa jumla watoto walisema kile cha karatasi yenye alama ndicho kitamu zaidi, hata kilipokuwa karoti, ambazo kampuni hiyo haikuwa ikiziuza wakati huo. Ulimi ulikuwa umekwisha kufundishwa na jicho.

Hali ya barani Afrika nayo imepimwa. Katika kitongoji cha Soweto, Afrika Kusini, uchunguzi wa mwaka 2013 uliochapishwa mwaka 2015 ulihesabu matangazo 145 ya vinywaji vya sukari, na ukaonyesha kwamba nusu ya shule zilizochunguzwa zilikuwa na matangazo ya vinywaji hivyo ndani ya eneo lao. Namna jambo hilo linavyotokea ni rahisi kuelewa. Shule haina fedha za kuandika jina lake langoni. Kampuni hujitolea kutengeneza kibao kizuri cha chuma, na kuweka nembo yake pembeni. Hakuna aliyelazimishwa, na hakuna aliyeona kwamba amesaini mkataba wa kumtangazia mtoto kila asubuhi kwa miaka kumi.

4.0 UZITO WA SUALA

Huenda msomaji akauliza kama nchi yenye njaa inaweza kushughulika na vyakula vya ziada. Swali ni la haki. Uchunguzi wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa miaka ya 2013 na 2014 ulionyesha kwamba watoto 43 katika kila 100 wa Kongo walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, yaani wafupi kuliko umri wao kwa sababu ya lishe duni ya muda mrefu. Lakini takwimu hiyo inaipa hoja nguvu badala ya kuipunguzia. Mtoto aliyedumaa anahitaji protini, madini na vitamini katika kila kitu kinachopita kinywani mwake. Noti moja ya faranga aliyopewa kwa ajili ya mapumziko ikiishia katika maji ya sukari na rangi, tumbo hutulia na mwili hubaki na upungufu uleule.

Hesabu ya sukari inaweza kufanywa darasani. Kinywaji cha kawaida cha soda huwa na takribani gramu 10 au 11 za sukari katika kila mililita 100. Chupa ya mililita 330 ina gramu 35 hivi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 unataka sukari inayoongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu yote ya chakula cha siku. Kwa mtoto anayehitaji kalori 1,600 kwa siku, kiwango hicho ni gramu 40. Chupa moja, basi, inakaribia kumaliza sehemu ya siku nzima, kabla ya chai ya asubuhi kuhesabiwa.

Kwa upande wa dunia, taarifa ya UNICEF ya Septemba 2025 ilieleza kwamba, kwa mara ya kwanza, watoto na vijana wa miaka 5 hadi 19 wenye unene wa kupindukia wamewapita wale wenye uzito pungufu: asilimia 9.4 dhidi ya asilimia 9.2. Afrika Kusini mwa Sahara na Asia Kusini ndizo kanda ambazo hazijafikia badiliko hilo. Maana yake ni kwamba Lubumbashi bado ina nafasi ya kuchukua hatua mapema, nafasi ambayo miji mingine imekwisha kuipoteza.

Historia ya mji nayo inaeleza kwa nini soko lina nguvu. Wakati wa kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, na baadaye Gécamines, sehemu kubwa ya chakula cha familia za wafanyakazi ilitoka kwa kampuni kwa njia ya mgawo wa unga na vitu vingine. Mgogoro wa Gécamines wa miaka ya 1990 uliivunja desturi hiyo. Kila nyumba ikajitafutia, na biashara ndogondogo ya vyakula ikapanuka mitaani. Utoaji wa elimu ya msingi bila malipo katika shule za umma, ulioanza kutekelezwa Septemba 2019, uliongeza watoto madarasani. Watoto wengi mahali pamoja kwa saa moja iliyopangwa ni neema kwa elimu. Kwa mtangazaji wa biashara ni soko lililokwisha kukusanywa.

5.0 SHERIA ZILIZOPO

Misingi ya kisheria haikosekani. Kongo, wakati huo ikiitwa Zaire, iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto mwaka 1990. Kifungu cha 24 cha Mkataba huo kinazungumzia chakula chenye lishe, na kifungu cha 17 kinahimiza miongozo ya kumlinda mtoto dhidi ya habari zenye kumdhuru. Kifungu cha 42 cha Katiba ya mwaka 2006 kinazibebesha mamlaka za umma wajibu wa kuwalinda vijana dhidi ya kila jambo linaloharibu afya yao, elimu yao na makuzi yao. Sheria ya kumlinda mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inamhesabu kuwa mtoto kila aliye chini ya miaka 18.

Mapendekezo ya mwaka 2010 yaliyotajwa hapo juu yanasema wazi kwamba mahali watoto wanapokusanyika, zikiwemo shule na viwanja vyake, pasiwe na matangazo ya aina yoyote ya vyakula vyenye mafuta mabaya, sukari au chumvi nyingi. Mwongozo mpya wa Shirika hilo, uliotolewa mwaka 2023, ulikwenda mbele zaidi kwa kuzitaka serikali ziweke kanuni za lazima na kuwalinda watoto wa umri wote.

Nchi zilizokwisha kufanya hivyo zipo. Jimbo la Québec nchini Kanada limepiga marufuku tangu mwaka 1980 matangazo ya biashara yanayowalenga watoto wa chini ya miaka 13. Kampuni moja ya vitu vya kuchezea ilipolalamika kwamba uhuru wa kusema umevunjwa, Mahakama ya Juu ya Kanada iliamua mwaka 1989 kwamba marufuku hiyo ni halali kwa sababu inamlinda asiyeweza kujilinda. Chile ilipitisha sheria yake mwaka 2012 na kuanza kuitekeleza Juni 2016: bidhaa zilizovuka viwango hubandikwa alama nyeusi, haziruhusiwi kuuzwa wala kutangazwa shuleni, na pakiti zake haziruhusiwi kubeba katuni. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba ununuzi wa vinywaji vilivyobandikwa alama hiyo ulipungua kwa takribani asilimia 24.

Inafaa kuangalia kwa nini alama ya Chile ilifaulu. Maneno yake ni machache, yako katika Kihispania kinachosemwa na mama na mtoto, na yanasema kwamba bidhaa ina sukari nyingi au chumvi nyingi, basi. Nchini Kongo maelezo ya pakiti husomwa, kama yanasomwa, katika lugha ambayo mtoto wa darasa la pili ndiyo kwanza anajifunza. Sheria ya elimu ya taifa ya tarehe 11 Februari 2014 imeruhusu lugha za taifa na za mazingira zitumike katika kufundishia, hivyo hakuna kizuizi cha kisheria kinachozuia onyo la afya lisemwe kwa Kiswahili shuleni. Pengo ni la utendaji na la istilahi, na hapo ndipo wanataaluma wa Kiswahili wanapohusika moja kwa moja.

6.0 SHULE YA MTAA INAWEZA KUFANYA NINI

Hatua za kitaifa huchukua muda. Hata hivyo kamati ya wazazi na mwalimu mkuu wa shule ya mtaa kama Hewa Bora wanaweza kuanza na mambo manne yasiyosubiri bunge.

(a) Ukuta na lango. Jina la shule liandikwe bila nembo ya bidhaa ya chakula au kinywaji. Kibao cha mbao kilichoandikwa kwa mkono ni bora kuliko cha chuma kinachomlipa mtengenezaji kwa macho ya watoto.

(b) Zawadi na michezo. Madaftari, ratiba, fulana na makombe yapokelewe tu yasipokuwa na nembo hizo. Anayetaka kuisaidia shule kwa moyo atakubali. Anayekataa atakuwa ameeleza mwenyewe nia yake.

(c) Vinavyouzwa kiwanjani. Orodha iandikwe ya vyakula vinavyokaribishwa: karanga, mahindi ya kuchemsha au kuchoma, viazi vitamu, ndizi, matunda ya msimu, na munkoyo, kinywaji cha mahindi na mizizi, uliotengenezwa siku hiyohiyo, usiochachuka wala kutiwa sukari nyingi. Maji safi ya kunywa yatangulie yote, kwani mtoto mwenye kiu hawezi kuambiwa asinunue soda mahali pasipo na maji.

(d) Somo la kusoma tangazo. Katika kipindi cha lugha, wanafunzi wachambue tangazo la biashara kama wanavyochambua habari yoyote: nani anasema, anamwambia nani, anataka afanye nini, na ameficha nini. Zoezi hili halihitaji vitabu. Kuta za mtaa zinatosha.

Kanuni ya shule iandikwe kwa lugha inayosomeka na mzazi. Mfano wake ungeweza kuwa hivi: Ndani ya kiwanja cha shule hii hakuna tangazo la biashara la chakula wala kinywaji chenye sukari, chumvi au mafuta mengi, iwe kwa picha, kwa zawadi au kwa mchezo. Kanuni hiyo ikisomwa katika mkutano wa wazazi wa Lubumbashi, msomaji atapaswa kuifikisha katika usemi wa mji. Shuleni patakuwa ku masomo, kwa kuwa huko masomo ndilo jina la shule. Vyakula vitakuwa byakula. Na itambidi ataje sukre na biskuti kwa majina yake, kwa sababu akisema byakula peke yake, wasikilizaji watafikiri habari ni ya bukari, na watashangaa shule inaipiga vita bukari kwa sababu gani.

7.0 HOJA ZA UPINZANI

Hoja ya kwanza ya upinzani inahusu akina mama wanaouza vyakula langoni. Wengi wao wanawalipia watoto wao wenyewe mahitaji ya shule kwa biashara hiyo. Hoja hii inajibika kwa kutenganisha kuuza na kutangaza. Mama mwenye beseni la karanga hana bango, hana nembo, wala hamwahidi mtoto kwamba atakuwa shujaa akila karanga. Mipaka inayopendekezwa inamgusa mwenye nembo, na orodha ya vyakula vinavyokaribishwa inampa mama huyo soko ambalo sasa anashindana nalo bila silaha.

Hoja ya pili ni ya fedha. Shule maskini inayokataa msaada wa kampuni inapoteza kitu cha kweli, na si haki kulificha jambo hilo. Rangi ya ukuta, mipira na madaftari vina bei. Lakini bei hiyo hulipwa vilevile pale msaada unapopokelewa. Anayelipa huwa ni mtoto, kwa kidogokidogo, kila siku ya masomo. Kamati ya wazazi inaweza kuamua kwamba hasara ya kwanza ni nafuu kuliko ya pili, mradi iamue ikiwa inajua.

Hoja ya tatu inasema kwamba malezi ni kazi ya mzazi. Waswahili husema: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Methali hiyo ni ya kweli, lakini inachukulia kwamba mlezi yupo. Langoni mwa shule, wakati wa mapumziko, mzazi hayupo. Amekabidhi ulezi kwa shule. Shule ikimruhusu mwenye bidhaa azungumze na mtoto wakati huo, imekabidhi kwa mwingine amana ambayo si yake.

8.0 HITIMISHO

Makala haya yameonyesha kwamba kuweka mipaka kwa matangazo ya vyakula shuleni ni suala la afya na la sheria, na kwamba pia ni suala la lugha. Bidhaa zinazotangazwa humfikia mtoto wa Lubumbashi kupitia nafasi iliyo wazi kati ya bukari na njaa, nafasi ambayo lugha ya nyumbani haijaipa jina la chakula. Onyo dhidi yake hukaa katika Kifaransa cha pakiti na cha magazeti ya serikali.

Kazi tatu zinawangojea walimu na wanafunzi wa Kiswahili vyuoni. Ya kwanza ni kukusanya maneno ambayo watoto na wazazi wa mitaa kama Hewa Bora huyatumia kwa bidhaa hizi, ili kanuni zitaje vitu kwa majina yanayojulikana. Ya pili ni kutafsiri mapendekezo ya mwaka 2010 na jedwali la viwango la mwaka 2019 katika Kiswahili sanifu kinachoeleweka Kongo na Afrika Mashariki. Ya tatu ni kuandaa mazoezi ya kusoma matangazo ya biashara kwa shule za msingi. Hakuna hata moja kati ya kazi hizo inayohitaji fedha nyingi, na zote ziko ndani ya uwezo wa idara za Kiswahili zilizopo sasa.